Je, Injini ya Motokaa Yaweza Kuaminiwa Angani?

(Haya ni maneno aliyosema mwanachama wetu mmoja, fundi wa karakana ya reli, katika mkutano wa elimu wa tawi. Yamepigwa chapa kwa kuwa wanachama wengi ambao hawakuweza kufika waliomba kuyapata.)



Mimi si mtu wa masomo makubwa. Nilisoma shule ya misheni mpaka mwisho wa madarasa ya chini, kisha nikaingia kazini, na mengi ninayojua nimefundishwa na mafundi wakubwa kuliko mimi, na mengine nimefundishwa na injini zenyewe. Kwa hiyo nikikosea, msione haya kunisahihisha. Wako hapa wazee waliofungua injini kabla mimi sijazaliwa.

Nitaeleza kwanza jinsi jambo hili lilivyonifikia. Ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana fundi wa magari. Yeye na wenzake wawili wameunda ndege ndogo ya watu wawili, ya mbao na kitambaa, kwa kufuata ramani walizonunua. Injini yake ni ya Subaru, silinda nne, iliyotolewa katika gari lililogongwa nyuma. Siku moja alinijia nyumbani akaniuliza, "Mjomba, siku tukiruka, utapanda nami?"

Nikamwuliza, "Injini hii utaiaminije?"

Akasema, "Mjomba, imekwenda kilometa laki mbili bila kufunguliwa. Na huko Marekani wako watu wanairusha, nao wanasema haijapata kuzimika."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Sikutaka kumvunja moyo, wala sikutaka kumzika. Nikamwambia, "Nipe muda nifikiri." Ninayowaambia leo ndiyo niliyofikiri.

Kwanza, tusimcheke mtu anayetia injini ya motokaa katika ndege. Si wazimu, wala si jambo jipya. Mwaka 1929 huko Minnesota, Marekani, fundi mmoja wa kijijini aitwaye Bernard Pietenpol, ambaye hakuwa mhandisi wa chuo, alirusha ndege ya mbao kwa injini ya Ford Model A. Injini ile ilikuwa na nguvu za farasi 40 hivi kwa mizunguko 2,200 kwa dakika. Ilikwenda polepole, kwa hiyo propela ilifungwa moja kwa moja kwenye krankishafti bila gia yo yote. Alitia magineto, akaweka rejeta juu mbele ya rubani, na ndege ikaruka. Mpaka leo wako watu wanaoiunda ndege ile ile.

Baadaye ikaja Volkswagen, ile tuliyoizoea wenye umbo la kobe. Injini yake hupozwa kwa upepo, haina maji, ni nyepesi, na silinda zake zimelala mbili huku na mbili huku. Katika miaka ya 1950 ndege ndogo ya Kifaransa iliyoitwa Turbulent ilirushwa kwa injini za namna hii, na Prince Philip wa Uingereza aliendesha mojawapo. Huko Ujerumani kampuni ya Limbach ilichukua umbo la injini ya Volkswagen, ikalitengeneza kwa kazi ya angani, ikapata cheti cha serikali, na injini zake zikatiwa katika ndege za kuelea zenye injini.

Basi swali letu si kama injini ya motokaa inaweza kurusha ndege. Inaweza. Swali letu ni hili: mtu mwenye akili, asiye na fedha nyingi, atajuaje kama injini hii hasa, iliyo mbele yake, yafaa kuaminiwa?

Maana sababu ya watu kuitaka ni fedha. Injini mpya ya ndege bei yake yaweza kupita gharama ya mbao, kitambaa na kazi yote ya kuiunda ndege yenyewe. Injini ya gari lililogongwa unaipata sokoni. Mtu maskini ana haki ya kutafuta njia. Lakini mtu maskini hana maisha mawili.

Sasa tuzitazame zile kilometa laki mbili. Nitawaeleza habari ya kinu cha posho.

Kwetu nyumbani alikuwako mzee mmoja aliyenunua injini ya lori kuukuu, akaijengea sakafu ya saruji, akaifunga mkanda mpana ili iendeshe mashine ya kusaga mahindi. Injini ile ilikuwa na sifa njema. Ilikuwa imepanda na kushuka barabara ya Kisumu miaka mingi na mizigo mizito. Wiki ya tatu gasketi ya silinda hedi iliungua, maji yakaingia katika oili, na akina mama wakarudi nyumbani na mahindi yao. Mzee akasema amerogwa.

Hakurogwa. Lori likipanda mlima linavuta kwa nguvu dakika kumi, kisha linashuka, nayo injini inapumzika. Likienda tambarare linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Tena likienda, upepo unaingia katika rejeta. Lakini pale kinuni injini ilivuta kutoka asubuhi mpaka jioni bila kushuka mlima wo wote, nayo ilisimama mahali pamoja bila upepo. Ilikuwa injini ile ile, lakini kazi yake ilikuwa nyingine. Mzee alipoweka pipa kubwa la maji na feni kubwa zaidi, kinu kilisaga miaka mingi.

Injini ya ndege inafanya kazi ya kinu, haifanyi kazi ya lori. Ikiruka inatumia nguvu zote, na ikiwa angani inaendelea kwa sehemu 65 au 75 kwa mia ya nguvu zake, saa baada ya saa. Kilometa laki mbili, tukisema mwendo wa kadiri ya kilometa 50 kwa saa, ni saa 4,000. Ni sifa kubwa kwa gari. Lakini katika saa hizo 4,000, ni ngapi ambazo injini ilivuta kama ndege itakavyoivutisha? Huenda hazifiki chache. Kwa hiyo ile sifa ya barabarani inatuambia kwamba chuma chake ni kizuri na waliokitengeneza ni mafundi. Haituambii zaidi ya hapo.

Sasa nieleze tofauti ya pili, nayo ni propela.

Propela haipendi kuzunguka upesi mno. Chukua propela yenye upana wa meta 1.8 kutoka ncha mpaka ncha. Ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha yake inakwenda kama meta 254 kwa sekunde. Ikizunguka mara 5,000, ncha itakwenda meta 471 kwa sekunde, na huo ni mwendo uliopita mwendo wa sauti. Hapo propela inapiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Ndiyo sababu injini za ndege kama ile Lycoming ya nguvu za farasi 150 ni kubwa, lita 5.2, nazo zinatoa nguvu zake kwa mizunguko 2,700 tu. Injini ya Subaru ya lita 2.2 inatoa nguvu kama 130, lakini inazitoa ikipita mizunguko 5,000. Nguvu karibu sawa, mwendo mbali mbali.

Basi mwenye Subaru hana budi kuweka gia au mkanda wa kupunguza mwendo kati ya injini na propela. Na hapa, ndugu zangu, ndipo pana hatari ambayo watu wengi hawaioni. Injini ya silinda nne haisukumi sawasawa kama maji ya mto, inapiga kama nyundo. Katika gari yapo mataya, klachi yenye springi na mashafti marefu, nayo yanameza mapigo hayo. Katika ndege upande wa pili wa gia pana propela nzito isiyotaka kubadili mwendo. Mapigo yanarudi katika gia na krankishafti. Kwa mwendo fulani mapigo na mtikisiko hukutana, kama mtoto anayesukumwa katika bembea kila anaporudi, na mtikisiko unakua mpaka meno ya gia yanavunjika. Mtengenezaji wa injini aliipima kwa gari. Hakuipima kwa gia ile wala kwa propela ile.

Tena msidhani kwamba asiyekuwa na gia ameokoka. Iko injini ya Chevrolet Corvair, silinda sita, ya kupozwa kwa upepo, iliyotiwa katika magari ya Marekani kutoka mwaka 1960 mpaka 1969. Pietenpol mwenyewe aliitia katika ndege zake. Kwa miaka mingi ilisifiwa, na propela ilifungwa moja kwa moja. Watu walipoanza kuitia katika ndege zenye mwendo mkubwa zaidi, krankishafti kadha wa kadha zilipasuka, nyingine angani. Sababu ni kwamba propela ikigeuzwa upesi inaipinda shafti, na katika gari shafti ile haikupindwa hivyo kamwe. Mafundi wake hawakuficha. Walizifanya shafti kuwa ngumu zaidi na kuongeza beringi ya tano karibu na propela. Hebu fikirini: miaka mingi ya sifa njema, kisha kazi ikabadilika kidogo tu, na ubaya uliokuwa umejificha ukatokea.

Sasa nifike kwenye jambo la tatu. Ukisikia injini ya motokaa imezimika angani, usidhani kila mara pistoni imepasuka. Mara nyingi chuma kikubwa hakina kosa. Kosa ni la kitu kidogo kilichowekwa na mwenye ndege mwenyewe: mpira wa maji uliofungwa kwa klipu mbaya, rejeta ndogo, petroli iliyochemka katika paipu karibu na moshi, waya uliokatika, fyuzi, pampu. Sisi wa karakana twalijua hili. Ni mara ngapi injini kubwa ya dizeli imesimama njiani kwa sababu ya kitu unachoweza kukitia mfukoni?

Injini nyingi za ndege za zamani zina magineto mawili na plagi mbili katika kila silinda, na magineto hayahitaji betri. Umeme wote ukifa, injini itaendelea. Injini ya gari la siku hizi inategemea umeme kwa kila jambo. Pampu ya petroli ni ya umeme, cheche ni ya umeme, na kompyuta inayopima petroli ni ya umeme. Betri ikifa, injini imekufa, hata kama ni mpya kabisa.

Hata wakubwa wamejifunza kwa uchungu. Kampuni ya Thielert ya Ujerumani ilichukua injini ya dizeli ya gari dogo la Mercedes, ikaitengeneza, ikapata cheti, ikatiwa katika ndege za Diamond zenye injini mbili. Mwezi wa Machi mwaka 2007, huko Speyer, ndege mojawapo iliwashwa kwa umeme wa nje kwa sababu betri zake zilikuwa dhaifu. Iliporuka na rubani akakunja magurudumu, mtambo wa magurudumu ulivuta umeme mwingi, umeme ukashuka kwa muda mfupi mno, kompyuta za injini zikazimika, na injini zote mbili zikasimama kwa pamoja. Injini mbili nzima hazikusaidia, maana zote mbili zilinywa katika kisima kimoja.

Sasa nieleze jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, yaani namna ya kuyapima maneno ya watu.

Mpwa wangu alisema, "Wanasema haijapata kuzimika." Vema. Lakini nani anasema? Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwenye kuuza gia za kupunguza mwendo atasema gia zake ni nzuri. Aliyetumia miaka sita kuunda ndege yake hapendi kusema kwamba injini yake ni mbaya. Na yule aliyeanguka shambani mara nyingi haandiki tena. Ndege ameiuza, au ametia injini nyingine, au amekufa. Ukihesabu wanaosema tu, umewahesabu waliosalimika. Ni kama kuuliza waliofika stesheni kama kuna mtu aliyekosa gari moshi.

Pili, saa ngapi? Mtu akisema, "Ndege ishirini zinatumia injini hii, na ni tatu tu zimezimika," bado hajasema kitu. Tuseme kila moja imeruka saa 50. Jumla ni saa 1,000, na kuzimika mara tatu ni mara moja kwa saa 333. Hiyo ni mbaya. Lakini kama kila moja imeruka saa 1,000, jumla ni saa 20,000, na mara tatu ni habari nyingine kabisa. Asiyejua saa hana hesabu, ana hadithi.

Tatu, jambo la kutozimika kwa muda mfupi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hesabu hii ilinishangaza mimi mwenyewe. Huko Marekani ndege iliyoundwa na mwenyewe, ikiwa na injini isiyo na cheti, kwa kawaida hutakiwa kuruka saa 40 za majaribio kabla ya kuchukua abiria. Ikiwa injini na propela zina cheti pamoja, ni saa 25. Watu husema, "Imepita saa 40, ni salama." Sasa tuseme injini ni mbaya sana, ambayo kwa kadiri huzimika mara moja kwa kila saa 100. Mtu anayeruka saa 50 kwa mwaka ataanguka nayo kila baada ya miaka miwili. Hakuna anayeitaka injini kama hiyo. Lakini chukua injini tatu mbaya namna hii, uzirushe saa 40 kila moja. Kwa kadiri mbili kati ya tatu zitapita bila kuzimika hata mara moja! Na wenyewe wataandika kwa furaha kwamba injini zao hazina kosa.

Ni kama gunia la mahindi. Ukitia mkono ukatoa punje chache ukaona zote nzuri, umejua kwamba gunia halikuoza lote. Hujajua kwamba halina punje mbovu.

Sisemi kwamba saa 40 hazina maana. Zina maana kubwa, kwa sababu makosa ya kufunga vibaya hujitokeza mapema. Mwaka 2012 bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi juu ya ndege zinazoundwa na watu wenyewe. Ilionyesha kwamba ndege hizo zilikuwa karibu sehemu 10 kwa mia ya ndege ndogo za nchi ile, lakini mwaka 2011 zilikuwa katika sehemu 15 kwa mia ya ajali zote, na sehemu 21 kwa mia ya ajali zilizoua watu. Injini kukosa nguvu ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa, pamoja na rubani kushindwa kuiongoza ndege, na ajali nyingi zilitokea ndege ikiwa bado mpya katika saa zake. Kwa hiyo saa za kwanza ni za kuwinda makosa, si za kupata cheti cha kujisifu.

Basi nimeandika maswali machache, nami nayasoma polepole ili mwenye kalamu aandike.

La kwanza: Injini hii imevuta saa ngapi kwa kazi ya ndege, si kwa kazi ya gari? Injini ya ndege inayotafuta cheti Marekani hujaribiwa saa 150, na nyingi za saa hizo ni kwa nguvu kubwa. Hii yetu imejaribiwa ngapi?

La pili: Wengine wanaosemwa wanairusha, je, wana gia ile ile, propela ile ile, rejeta ile ile na kabureta ile ile? Kama sivyo, saa zao si saa zetu. Ukibadili propela, umebadili injini.

La tatu: Ni kitu gani kimoja kikifa, vyote vinakufa? Hesabu vitu hivyo kwa vidole. Kama ni betri, weka ya pili yenye njia yake yenyewe. Kama ni pampu, weka ya pili. Lakini usiweke mbili zinazokunywa katika kisima kimoja.

La nne: Joto linapimwa wapi? Joto la maji, la oili, na la silinda hedi kwa injini ya upepo. Limepimwa ndege ikipanda wakati wa adhuhuri, au limepimwa asubuhi kwenye baridi?

La tano: Injini inatoa nguvu gani hapa kwetu? Nairobi iko karibu meta 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na pampu ya hewa inapoteza kama sehemu moja kwa sita ya nguvu zake, na zaidi siku ya jua kali. Vitabu vya watu wanaoishi pwani havitoshi.

La sita: Iko wapi daftari? Kila saa, kila oili iliyoongezwa, kila nati iliyokutwa imelegea. Injini isiyo na daftari haina historia, ina sifa tu.

La saba: Ikizimika, rubani atatua wapi? Ndege haianguki kama jiwe injini ikizimika. Inaelea ikishuka, na rubani aliyejizoeza aweza kuitua katika uwanja wazi. Lakini ikiwa amepita juu ya msitu au mabati ya watu, hana pa kutua. Mwenye kuwa na shaka na injini yake, na achague njia yenye mashamba.

Nilimpelekea mpwa wangu maswali haya. Kwanza alikasirika, akasema nimemfanya kama mtoto. Wiki mbili hakuja. Kisha alikuja jioni moja na daftari jipya mkononi, ukurasa wa kwanza umepigwa mistari. Akasema, "Mjomba, nimejibu matatu tu."

Tulikubaliana hivi. Ndege ilifungwa kwa minyororo kwenye kisiki cha mkaratusi, uwanja ukazungushiwa kamba ili mtoto wala kuku asikaribie propela, na injini ikavutishwa. Hatukuivutisha robo saa ya kuwafurahisha majirani, tuliivutisha saa nzima nzima, kwa nguvu zile zile itakazotumia angani. Saa ya kumi na moja klipu ya mpira wa maji ililegea, maji yakamwagika. Saa ya ishirini na sita injini ilizimika ghafla. Tulitafuta mpaka usiku. Ulikuwa waya wa pampu ya petroli, umekatika kwa kutikisika mahali ulipounganishwa kwa risasi, ndani ya mpira, usiweze kuonekana kwa macho. Kijana alikaa chini akashika waya ule mkononi, hakusema neno. Hakuna aliyehitaji kumwambia ingekuwaje kama saa ile ya ishirini na sita ingemkuta juu ya mashamba ya kahawa.

Sasa wamefunga nyaya zote upya, ziko pampu mbili na betri mbili, na mkanda wa mpira unaoendesha kamshafti umetiwa mpya. Gia inafunguliwa na kutazamwa kila saa ishirini na tano. Kitu kinachobadilishwa kinaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri. Daftari limefika saa sitini na tatu ardhini. Ndege haijaruka, wala haitaruka mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya itoe ruhusa, nami namsifu kwa kungoja.

Aliponiuliza tena, "Mjomba, utapanda?" nilimjibu, "Siku za kwanza hutapanda na mtu ye yote, hata mimi. Utakapomaliza saa zako za majaribio, niletee daftari. Nitalisoma ukurasa kwa ukurasa. Nikiona umeandika na mabaya pia, nitapanda."

Ndugu zangu, nafikiri mnaona kwa nini nimeleta habari hii katika mkutano wa chama. Wengi wetu hatutaunda ndege. Lakini kila mmoja wetu husimama karibu na mashine fulani, na mara nyingi huambiwa, "Fanya tu, haijapata kumwumiza mtu." Tujifunze kuuliza: Imefanya kazi hii saa ngapi? Ni kazi hii hasa, au nyingine? Nani aliyehesabu, na liko wapi daftari? Watu husema ajali haina kinga. Huenda ni kweli kwa ajali chache. Lakini ule waya tuliukuta umekatika ardhini, na kinga yake ilikuwa minyororo, kisiki, na saa ishirini na sita za kungoja.

Nimemaliza, Bwana Mwenyekiti. Kama kuna maswali, nitajibu ninayoyajua, na nisiyoyajua tutawauliza wazee waliokaa hapa mbele.